Ndani, Ndani

Saa tisa usiku, Hull. Ghala la njegere za barafu.
Printa za lebo zimenyamaza tangu magharibi.
Pakiti zinatoka; majibu hayarudi.

Nafungua jedwali la tafsiri: tupu.
Kompyuta mia mbili, anwani moja ya nje,
na mkalimani wao kafumba mdomo.
Nasoma mipangilio ya ruta mstari kwa mstari,
chai imeshapoa mara mbili,
hadi nalikuta kosa, dogo kama chawa:
milango yote miwili imeandikwa "ndani".

Pasipo nje, nani atafsiriwe?

Nabadili neno moja.
Printa moja inakohoa, ya pili inaitikia.

Mlinzi, Bwana Hepworth, ataka jina langu kitabuni.
Mwanakombo, namtajia, herufi kwa herufi.
Anaandika: Mona.

Haya. Jibu litanifika.