Barua za Sura ya Kumi na Nane

Jumanne ndiyo siku ya barua.
Eyðun wa posta huziacha mlangoni chini ya jiwe,
maana upepo wa Vágur una mkono mrefu,
nami huziokota kabla sijavua aproni.

Nilianza kwa mzaha: kisa kimoja kila wiki,
ukurasa wa nne, chini ya bei ya sufu.
Meli iliyoundwa kwa mifupa ya nyangumi,
mkuku wake unapasua mawingu,
na nahodha Birita aliyeweka kivuli chake rehani
ili bahari impe upepo wa miaka saba.
Nilidhani watasoma, kisha watafungia samaki.

Aliyetangulia ni Hanus, mpishi wa meli mstaafu:
"Bibi, sura ya tatu umepika mchuzi
chombo kikiwa kimelala ubavu. Sufuria aliishika nani?
Mimi nimeungua mkono mara mbili
kwa mawimbi madogo kuliko hayo.
Na mtu habishi kwa tanga moja, hata mawinguni."
Ameambatanisha mchoro. Wa penseli. Una vipimo.

Mchungaji wa kanisa hakupenda ile rehani.
Hakuiita dhambi; alisema "inatia shaka",
halafu chini, kwa mwandiko mdogo zaidi,
akauliza kama kivuli kitakombolewa kabla ya Krismasi.

Bárður, wa darasa la pili, hana muda wa salamu:
MBWA ASIFE.
Mstari wa pili: NIMESEMA.
Mbwa alikuwa amekwisha kufa, yuko kwa mpiga chapa.
Nilipiga simu usiku ule ule.
Herufi za risasi zikang'olewa moja moja,
na mbwa akaogelea kurudi.

Dada yangu Marjun husoma ili anikamate:
"Nywele za Birita ni za mama, hilo sikatai.
Ila mama hakupiga mluzi hata siku moja."
Alipiga, Marjun. Wewe ulikuwa umelala.

Kisha bahasha ya kijivu, ya Sólrun,
anayeishi upande wa pili wa kisiwa.
Nilikuwa nimeandika kwamba chini ya mkuku
waliozama husikika wakizungumza
kama watu walio chumba cha pili.
Hakusifu, hakukosoa. Aliuliza tu:
"Umemsikia Tróndur? Alitoka Machi,
miaka kumi na mmoja sasa. Sauti nzito.
Husema 'haya basi' kabla ya kila jambo."

Barua niliiweka nyuma ya saa.
Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.
Kalamu niliyoichezea kama kijiti
kumbe ni kasia,
na ncha ya pili imeshikwa na mtu.

Nani kanipa ruhusa ya kufufua?
Mbwa ni mbwa, wino unamtosha.
Sura ya kumi na tisa niliiandika mara nne.
Katika ile ya nne, mtu anapanda kwa upande wa tezi,
sweta ya sufu ya kijivu, maji yanamchuruzika.
Hataji jina. Anaomba kahawa.
Anasema "haya basi", anaingia jikoni,
anaishika sufuria ya mpishi kwa mikono miwili
mpaka meli inasimama wima.
Asubuhi hayupo. Kikombe kimeoshwa.

Gazeti lilitoka Ijumaa.
Jumamosi, kimya. Jumatatu, mvua na kimya.
Jumanne nilimngoja Eyðun barabarani
kama mtu anayedaiwa.

Bahasha ya kijivu:
"Sweta haikuwa ya kijivu. Ilikuwa ya kahawia,
sufu ya kondoo wetu wawili,
mkono wa kushoto umezidi kidogo
kwa sababu niliufuma usiku nikisinzia.
Alikuwa akiukunja.
Tafadhali sahihisha.
Na kikombe: yule bwana hakuosha kikombe
maisha yake yote."

Sura ya ishirini inaanza hivi:
mezani kuna kikombe kichafu,
na nahodha anauliza ni cha nani.