Toa Mchanga

Mama, Milembe wa Kirumba, hapimi kabla ya kukisia.
Gunia likishuka mwaloni analizunguka mara moja,
anachota dagaa kiganjani, anawaacha wadondoke,
anasikiliza.
"Arobaini na tatu," anasema. "Toa mchanga, arobaini."
Ndipo Lushinge analitundika kwenye mzani,
na mshale, kwa heshima, unamfuata.

Mimi sina mshale.
Nina chumba Nyegezi, pangaboi linalolia kama bawaba,
na picha za darubini nisiyowahi kuigusa:
galaksi moja, doa la punje ya ulezi,
imepigwa kwa vichujio vitano,
buluu, kijani, nyekundu, na rangi mbili
ambazo jicho la mtu halikupewa.
Kazi yangu niseme nyota zake zina uzito gani.

Ukitaka kujua ninavyofanya,
panda Capri Point usiku usio na mwezi.
Ziwani kuna taa za dagaa, nyeupe hadi zinakaribia buluu.
Moja tu yakuchoma jicho,
lakini chini yake ni mtumbwi na watu wanne.
Nyuma yake, kisiwani, kuna wekundu hafifu,
makaa ya jioni yanayokwisha.
Huo ni ukoo mzima umelala,
na ng'ombe wake, na mawe yake ya kusagia.

Nyota ya buluu ni kijana wa mshahara wa kwanza:
inang'arisha mtaa, haifiki mwisho wa mwezi.
Nyekundu ni nyingi, ni za kale, hazina haraka,
na uzito uko kwao.
Kwa hiyo siulizi tu mwanga ni kiasi gani.
Nauliza ni wa rangi gani, kisha nazidisha.

Ingekuwa hivyo tu, ningelala mapema.
Kuna vumbi: likikaa mbele ya kijana
humvika wekundu wa mzee.
Kuna umbali, nao huivuta kila rangi kuelekea nyekundu,
kama nguo iliyofuliwa na khanga mpya.
Na zile ndogo, ndogo kabisa, nisizoona hata moja,
nazihesabu kwa kudhani kwamba huko
zinazaliwa kwa uwiano wa huku kwetu.
Nani kaniambia? Sina wa kumtaja.

Jumapili nilimpelekea Mama jibu.
"Majua bilioni thelathini," nikasema.
"Huenda kumi na tano. Huenda sitini."
Alicheka mpaka kitenge kikamtoka begani.
"Mwenye gunia angekupiga kwa jiwe la mzani!"
Kisha akanyamaza, akavuta uzi wa katani,
akaushona mdomo wa gunia hadi mwisho.
"Na ukikosea, nani atakwambia?"
"Mwingine, anayekisia kwa njia nyingine."
"Hakuna mzani?"
"Hakuna mzani."
"Basi andika na mchanga. Andika ulitoa kiasi gani,
ili ajaye akiona ulipunja,
aurudishe."

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Mabatini ikazimika, ikafuata Bugarika,
mlima na nyumba zake zilizong'ang'ania mawe.
Hapakubaki taa hata moja ya kuhesabu.
Ningeulizwa kwa picha, ningejibu: hakuna kitu pale.
Lakini mtoto alikohoa. Sufuria ikakwanguliwa.
Mtu alimwita Nyanjige alete kiberiti,
Nyanjige akasema hakioni,
na watu juu kabisa, nisikodhani kuna nyumba,
wakacheka.

Nikafungua daftari kwa kupapasa.
Kando ya ile thelathini, kwa mwandiko uliopanda mlima,
nikaandika: vumbi, makisio yangu.
Ndogo zisizoonekana, makisio yangu.
Kalamu ikaacha wino mahali fulani;
nikaendelea kuandika.