Ng'ombe Wote Alama Moja

Ziara ya kwanza. Rubindi, asubuhi ya ukungu.
Natoa fomu, natoa penseli, naweka saa mezani.
"Bi Kyobutungi, nitajie wanyama,
wote unaowajua, kwa dakika moja."

Hakusita.
Bihogo, akasema. Siina. Gaaju. Mayenje.
Bihogo mwingine, yule wa pembe iliyopinda,
ndama wa Gaaju aliyezaa mapacha mwaka wa njaa.
Mate yalimkauka, majina hayakumkauka.

Mwongozo wa utafiti uko wazi, ukurasa wa tisa:
ng'ombe, awe wa rangi gani, ni ng'ombe.
Nikaandika moja.

Mwanawe alikaa pembeni, kofia magotini.
"Na huyu ni nani?"
Akamtazama kama mtu anayesoma kibao
kwenye njia panda, mvua ikinyesha.
"Mgeni," akasema. "Mpeni maziwa."
Nikaandika sifuri.

Chora saa, nikamwambia, saa tano na dakika kumi.
Akachora duara, akaliacha tupu,
akanyoosha kidole mlangoni, uani:
kivuli cha nguzo kimefika pale,
ng'ombe sasa wanakunywa maji.
Nikaitazama saa yangu.
Saa tano na dakika kumi.
Sifuri. Mishale haikuchorwa.

Tembe ni nyeupe, mbili kwa siku.
Nusu ya watu wetu wanameza dawa,
nusu wanameza unga uliofinyangwa ukafanana na dawa,
na ajuaye nani ni nani ni bahasha
iliyopigwa lakiri huko Mbarara.
Huko ndiko tulikompiga picha ya ubongo. Nimeuona:
umenyauka kingoni kama jani la mgomba kiangazi.
Daktari akagusa kioo kwa kalamu,
hapa, akasema, ndipo majina yanapokaa.
Sikuona zizi.

Wiki ya kumi na mbili. Ninsiima, mkaza mwana,
ananiambia mama analala siku hizi,
haamki tena usiku wa manane kufungua lango
kwa ng'ombe waliouzwa zamani
kwa karo ya huyo huyo mgeni.

Fomu. Penseli. Saa.
Bihogo. Siina. Gaaju. Mayenje.
Kisha kimya. Akafumba macho,
midomo ikitafuna kitu kisichokuwepo.
"Kyozi," akasema. "Kumbe nilimsahau Kyozi."

Alama ni ileile, moja.
Lakini ukingoni mwa fomu, pasipo na kisanduku,
niliandika: leo amejua kwamba alisahau.
Msimamizi atakuja kuifuta.

Ninsiima alinisindikiza hadi kwenye pikipiki,
mumewe nyuma yetu, kofia mkononi.
"Ni dawa, au si dawa?"
Sijui, nikasema. Ndiyo kazi yangu, kutojua,
mpaka bahasha ifunguliwe.
Akacheka kidogo, bila furaha wala hasira.

Mara sauti ya bibi kutoka ndani:
mgeni asiondoke bila maziwa!
Mimi na mwanawe
tukageuka pamoja.