Kitufe cha Pili

Nimelipwa zloti mia nne nisiamini kitu.
Bwana Dobromir, daktari wa meno kule Gdańsk,
kaliona gari pichani, kalipenda,
na mapenzi hayana tochi. Mimi ninayo.

Olsztyn, Februari. Theluji imefika vifundoni.
Bi Halszka ananifungulia banda,
mrefu, anainama kupita kizingiti,
amevaa koti la marehemu, mikono yake imemfupia.
"Ndilo hilo. Gerard hakulilaza nje hata usiku mmoja."

Benzi jeusi, saluni, la mwaka elfu mbili na sita,
limeng'arishwa hata najiona nina pua mbili.
Uzuri wa mkakasi.
Mimi hulipwa kutafuta kipande cha mti.

Nabandika kipima rangi mlango kwa mlango:
mikroni mia na ishirini, mia na ishirini na tano,
mlango wa nyuma kushoto mia nne na kumi.
Hapo pana jeraha lililopakwa poda.
"Aligonga nguzo," anasema. "Kanisani."
Naandika: nguzo.

Nalala chini juu ya kadibodi.
Chumvi ya barabara za baridi imekula kingo
na makombo ya kutu yananidondokea shavuni.
Nawasha. Injini iliyolala baridi haijui kudanganya:
mnyororo unatatarika sekunde mbili, kisha unanyamaza
kama mtu aliyekumbuka kuna wageni.
Moshi mweupe. Naunusa. Maji tu.

Mita inasema kilomita laki moja na elfu kumi na nane.
Lakini mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma,
na usukani, pale mikono inapokaa,
ngozi imekuwa laini kama ndewe ya sikio.

Nachomeka kompyuta. Dashibodi hufundishika;
giaboksi hakuna aliyeikumbuka kuifundisha:
laki tatu na elfu kumi na nane.

Laki mbili. Ni kuizunguka dunia mara tano.

"Marehemu alikuwa akienda wapi?"
"Kazini. Kanisani. Jumamosi kwenye bustani yake ya mboga,
hapo tu, nje ya mji."
"Na alikuwa na nia ya kuliuza?"
"Kamwe. Alisema azikwe nalo."
Basi si mnunuzi aliyefichwa.
Nalimeza hilo kama kidonge bila maji.

Kazi ni kazi. Vimebaki viti.
Mlangoni pana vitufe vitatu vya kumbukumbu.
"Wewe huendesha, bibi?"
"Sijawahi. Naogopa malori."
Nabonyeza cha kwanza: kiti kinarudi nyuma, kinatulia,
mtu wa kimo cha wastani, mwenye kiuno kinachouma.
Nabonyeza cha pili, kwa mazoea tu,
mkono ulishaitangulia akili.

Kiti kikanguruma, kikasogea mbele, mbele zaidi,
kikapanda. Usukani ukashuka.
Vioo vya pembeni vikainama kwa pamoja
kumtafuta mtu mfupi
asiyekuwepo bandani.

Theluji ikaporomoka kutoka paani. Sikuinua kichwa.

"Hicho, kibonyeze tena."
Nikabonyeza cha kwanza. Kisha cha pili.
Akaja, akajikunja, akaingia,
akakaa kwa kimo cha yule, magoti yamegota usukani,
akatazama kioo cha kushoto, na ndani yake
ulikuwemo mlango uliopakwa rangi upya.
Akakaa hivyo hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye vioo.

Kwa Bwana Dobromir nitaandika kutu,
rangi, mnyororo, zile laki mbili,
na kwamba asizidishe nusu ya bei.
Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho wa fomu,
kalamu imeganda kwa baridi, naipulizia.

"Andika, bwana," akasema, hajanigeukia,
"viti vinafanya kazi."