Bafu la Ghorofa ya Tatu, Ngara

Bafu halina maji tangu Jumatano,
kwa hiyo ni letu.
Mfuko mweusi wa taka dirishani,
blanketi mlangoni, na kwenye msumari wa taulo
taa ya nyuma ya baiskeli ya Opondo,
nyekundu kama jicho la bawabu aliyekesha.

Mabeseni matatu sakafuni.
La kwanza, dawa ya kuamsha picha.
La pili, maji ya mtungi na siki ya kachumbari.
La tatu, dawa ya kuituliza, vikombe viwili tu,
masalia ya studio iliyofungwa Barabara ya Kirinyaga.
Mwenye studio alinipa na karatasi zake:
"Zimepitwa na wakati, binti. Tumepitwa pamoja."

Kamera hatuna. Haihitajiki.
Kitu kinalala juu ya karatasi,
tochi ya simu inakipiga, moja, mbili, basi,
kitu kinainuka, kinaenda zake.
Inabaki nafasi yake.

Tulianza na ufunguo.
Nikatikisa beseni taratibu, kama achambuaye maharagwe.
Weusi ukaja kutoka pembeni,
ukazunguka, ukakaribia, ukasita:
ufunguo mweupe ukasimama katikati
kana kwamba haujawahi kushikwa na mtu.
Miaka yote nimeburuta kivuli cheusi kisiginoni.
Sikujua kuna upande ambako kivuli ni maziwa.

Kisha kichungi cha chai, kila tundu limehesabiwa.
Kisha kitana cha Opondo:
pengo la meno mawili likatoka pana, jeusi, bila haya.
Jani la sukumawiki likakiri mishipa yake yote.
Glasi ndiyo iliyotuhangaisha.
Iliachilia nusu ya mwanga, ikazuia nusu,
kama mtu aliyedaiwa akajibu, "Tutaona."

"Weka kitu cha maana," Opondo akasema.
Nikapapasa mfukoni: stakabadhi ya kodi,
sarafu ya shilingi tano,
kidonge kimoja cha kichwa.
Nikaviweka vyote.
Mwanga hauulizi maana.
Unauliza tu: nipite, nisipite?

Nilikuwa nimefungua pakiti,
karatasi zimekaa wazi magotini,
komeo likalia.
Musembi, keateka, na rundo lake la funguo:
"Maji yamerudi! Tokeni, watu wanataka kuoga!"
Blanketi likaanguka.
Korido nzima ikaingia
na jua lake la saa tisa, na harufu ya vitunguu
vya mama wa chumba cha kumi na nne.

Nikatupa mkono juu ya karatasi
jinsi mtu anavyofunika unga mvua ikianza,
nikijua tayari.
"Funga!" tukapiga kelele.
Akafunga, naye akiwa ndani.

Watatu sasa, na wekundu ule, na pumzi zetu.
Karatasi ya juu nikaitumbukiza hivyo hivyo, kwa hasira.
Safari hii weusi haukusita.
Ulikuja wote kwa mpigo, kama habari mbaya,
ukafika kwenye ukingo wa kiganja
ukakoma.
Mkono. Vidole vitano vimetanuka,
hata kile kidogo kilichopinda tangu nilipofungiwa mlango nikiwa mtoto,
vyeupe pe.

Musembi akainama, ufagio kwapani.
"Huo mkono wa nani?"
"Wangu."
Akautazama kwa muda mrefu kuliko anavyotazama risiti.
"Unakataza nini?"

Opondo akacheka. Mimi sikuweza.
Nikaulaza kwenye dawa ya kutuliza,
nikahesabu dakika zote, sikuiba hata moja.
Bomba likakohoa mara mbili,
likatema maji ya rangi ya chai,
kisha maji.
Nikausuuza mkono ule kwa mkono huu,
na nje ndoo zikaanza kugonga mlango.