Hodi

Wiki mbili kabla ya kisu
walininywesha mchuzi mwepesi na maziwa ya unga.
Ini lako linywee, alisema daktari,
nipate pa kupitisha vyuma vyangu.
Nikaendelea kuendesha greda la theluji usiku,
kutoka Gander hadi daraja la Gambo,
taa ya njano ikizunguka juu ya utosi wangu,
na pembeni kiti kitupu
palipozoea kukaa mfuko wa chipsi,
mikate minne ya nyama, soda ya lita mbili.

Nikikumbuka vizuri, sikuwahi kuwa na njaa.
Njaa hupiga hodi.
Ile ilikuwa na ufunguo wake.

Mama yangu, Maud, alizaliwa mwaka
samaki wa chumvi alipokosa bei.
Walipewa unga wa kahawia kwa kipimo.
Miguu ya kaka yake ilivimba, ikang'aa,
kisha hapakuwa na kaka.
Mama hakulisimulia hilo.
Alilipakua.
Kila Jumapili: nyama ya chumvi, kabichi, tanipu,
njegere zilizochemshwa ndani ya kitambaa zikapondwa,
na mkono wake begani mwangu, mzito, wa moto:
Kula, Hedley. Kesho haijamwahidi mtu.
Nikala yangu. Nikala na ya mjomba nisiyemjua.
Nikala deni la watu
hadi kilo mia moja na themanini na moja,
hadi mkanda wa kiti cha greda ukanikataa,
na Selby wa gereji akauunga kipande kimyakimya,
nami kimyakimya nikaufunga.

Sasa tumbo langu ni soksi ya mtoto mchanga.
Siku ya kwanza, muuguzi Philomena alinipa maji
katika kikombe cha dawa ya kikohozi.
Robo saa, alisema. Usigugumie.
Mimi! Robo saa, maji ya kujaza kifuniko!
Nilicheka, mishono ikanikemea.

Nyumbani, Effie alitoa visahani vya chai
vya harusi yetu, ambavyo havijawahi kuliwa kitu.
Vijiko vinne vya yai la kuvuruga.
Tafuna mara ishirini. Usinywe maji na chakula.
Weka uma chini. Uchukue. Weka.
Kijiko cha tano kilikaa kifuani kama jiwe la mlangoni.
Usiku nilimsikia mke wangu
akila mkate wa siagi katika chumba cha kufulia,
mashine ikizunguka bila nguo,
nisisikie anavyotafuna.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Mimi niliwakalisha wote wawili shati moja.
Tumbo lilisema basi,
macho yakasema bado,
mikono ikatafuta kazi yake ya zamani
kwenye kiti kitupu, gizani, kilomita ya thelathini.
Krismasi nilikula kipande cha keki, kidogo, cha heshima.
Moyo ulikimbia kama farasi aliyeona moto.
Nililala sakafuni bafuni, jasho tele,
nikililia si keki,
nikiulilia ule mkono begani.

Mwezi wa tisa, saa kumi alfajiri,
theluji ikianguka upande upande,
kitu kiligonga chini ya mbavu.
Kikanyamaza. Kikagonga tena, kwa adabu,
kama mgeni asiye na hakika ya nyumba.
Niliegesha greda. Nilizima redio.
Miaka hamsini na minane, na sikuijua sauti hii.

Karibu, nikasema. Kwa sauti. Peke yangu.

Nikafungua karatasi ya fedha: yai moja la kuchemsha.
Nikatafuna, nikihesabu, kioo kikiingia ukungu,
na kabla halijaisha, mgeni aliaga.

Nikalifunga tena lililosalia, taratibu, pembe kwa pembe.
Nusu yai, Mama.
Tazama.
Limebaki.