Hizi za Chura

Mfinanga ametoka Dar na lenzi ya sonara.
Anamlaza chura wetu chali juu ya gazeti,
anahesabu miguu: miwili mbele, mmoja nyuma,
anakwangua kutu ya kijani, ananusa ukucha.
"Shaba nyeusi. Huyu ni mzee kuliko reli yenu."
Kisha anamtia kidole mdomoni.
"Sarafu yake iko wapi?
Angekuwa nayo, ningekupa bei ya pikipiki.
Hivi alivyo, baiskeli. Tena mkweche."

Nafungua kifuniko cha ndoo. Nakifunga.

Daktari wa Kichina wa Kitete alimwachia mama
mwaka wa njaa, malipo ya karanga za miezi minne,
akamweleza kwa mikono, Kiswahili kimemwishia:
atazame ndani. Akitazama mlango
ataruka nje na pesa zako.
Mama alicheka. Shida yake ilikuwa jiwe la mizani.
Akampandisha chura sahanini, ulimi ukasimama wima:
nusu kilo, bila chenga.
Basi akapata kazi,
akatazama popote sahani ilipomgeuzia.

Nilikuwa na miaka minane.
Sarafu ilikuwa na tundu la mraba
na maandishi kama nyayo za kuku.
Niliilaza relini, nyuma ya ghala la tumbaku,
treni ya Mpanda ikaipiga pasi,
na mimi na Ndono tukapekua kokoto
hadi taa za stesheni zikawaka.
Nyumbani nilinyamaza. Mama naye hakuuliza.

Ila tangu juma lile, akishapima,
alichota karanga kwa vidole vitatu
akazitupia juu ya kifurushi: "Na hizi za chura."
Nilidhani ni mzaha wa biashara.
Watu walitoka Cheyo, walitoka Ng'ambo,
wakapita meza sita za karanga zilezile
waje Isevya kudai: "Mama Kalunde, za chura!"

Nipo kidato cha tatu, akaja afisa wa vipimo,
Bwana Rwegoshora, na kisanduku cha mawe ya serikali
yaliyolala kwenye mahameli kama mayai.
"Mama, huyu ni pungufu. Gramu tisa."
"Najua," alisema mama. "Ngoja."
Akachota kwa vidole vitatu, akaziweka sahanini.
Afisa akapima. Akapima tena.
Faini aliandika, sheria ni sheria,
akaondoka anatafuna.
Mama hakunitazama.
Mimi ndiye niliyetazama mlango.

Jiwe la halali tulinunua, lenye muhuri.
Vidole vitatu havikustaafu
mpaka tulipomvisha sanda.

Mfinanga anahesabu noti, analowesha kidole gumba.
Anaingia mtoto, katumwa, simjui,
elfu moja imekunjwa ndani ya ngumi.
Nampimia kwa jiwe la serikali, nafunga,
namkabidhi. Haondoki.
Kifurushi kakikumbatia, kiganja kakiacha wazi.

"Na za chura?"

Mfinanga anainua kichwa.
"Za nini?"